Karatasi zilizokuwa nyuma ya jina la Thabeet: kazi ya David Stern

Tarehe 25 Juni 2009, Madison Square Garden jijini New York, David Stern, kamishna wa ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), alipanda jukwaani kusoma majina ya drafti, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. La kwanza lilikuwa Blake Griffin. La pili lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mita 2.21 kwenda juu, kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut. James Harden alifuata wa tatu, na Stephen Curry akasubiri mpaka wa saba.

Wengi wetu tunamjua kamishna kwa sura hiyo tu: mzee wa suti, karatasi mkononi, anampa mkono kijana aliyevaa kofia mpya. Lakini kwa nini Memphis, timu iliyomchukua Thabeet, ndio walikuwa wa pili kuchagua? Kwa nini Thabeet hakuwa na la kujadili kuhusu mshahara wake wa kwanza? Fedha za kumlipa zilitoka wapi, na nani aliamua kiasi? Kila swali hapo lina karatasi yake, na karibu kila karatasi ilipita mikononi mwa Stern, mwanasheria aliyeanza kuihudumia ligi hiyo akiwa wakili wa nje mwaka 1966, akaajiriwa kuwa mwanasheria wake mkuu mwaka 1978, akawa makamu mtendaji mwaka 1980, na kamishna kuanzia tarehe 1 Februari 1984 hadi tarehe kama hiyo mwaka 2014. Miaka 30 kamili. Alifariki tarehe 1 Januari 2020.

Tuanze na nafasi ya pili. Timu zilizofanya vibaya ndizo huchagua kwanza, ila ukiipa timu ya mwisho nafasi ya kwanza moja kwa moja, utazikuta timu zinafungwa kwa makusudi. Ndipo ikaja bahati nasibu, mwaka 1985. Bahasha saba ziliingizwa kwenye tufe la kioo, moja kwa kila timu iliyokosa mtoano, na Stern mwenyewe akazichomoa mbele ya kamera. Knicks wa New York wakapata ya kwanza, wakamchukua Patrick Ewing. Maneno yakaanza palepale: bahasha ilikunjwa pembe, bahasha ilitiwa kwenye friza ili mkono uitambue kwa ubaridi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha lolote, lakini kosa la mpangilio lilikuwa wazi. Mkono wa kamishna haukupaswa kuingia kwenye tufe hata mara moja.

Mwaka 1990 wakaja na mipira 66: timu mbovu kuliko zote ina 11, iliyokaribia mtoano ina mmoja. Mwaka 1993 Orlando, walioshinda michezo 41 na kupoteza 41, wakaibuka kwa mpira wao mmoja kati ya 66, na mwaka uliotangulia walikuwa wameshapata nafasi ya kwanza na kumchukua Shaquille O'Neal. Kanuni ikafumuliwa tena. Kuanzia 1994 mashine inabeba mipira 14 yenye namba, wanachomoa minne. Minne kati ya 14 bila kujali mpangilio hutoa michanganyiko 1,001. Mmoja unatupwa, 1,000 inagawiwa kwa timu, na wakati ule timu ya mwisho ilipewa 250. Mipira huchanganywa sekunde 20 kabla ya wa kwanza kutoka, kisha sekunde 10 kwa kila unaofuata, na anayeshika saa huipa mashine mgongo. Yote hufanyika chumba cha ndani mbele ya wakaguzi na wawakilishi wa timu, simu zimekusanywa. Kinachoonyeshwa kwenye televisheni baadaye ni kufungua bahasha tu.

Mwaka 2009 Sacramento, walioshinda michezo 17 pekee, waliingia na michanganyiko yao 250 wakatoka nafasi ya nne. Watu walilia hujuma, lakini hesabu ya kanuni ile inasema uwezekano wa timu ya mwisho kuangukia nafasi ya nne ulikuwa zaidi ya theluthi moja. Clippers wakapata ya kwanza, Memphis ya pili, na Thabeet akawa wa Memphis.

Mshahara wake sasa. Mwaka 1994 Glenn Robinson, chaguo la kwanza la Milwaukee, alianza kwa kudai dola milioni 100 kabla hajafunga kikapu hata kimoja. Akamaliza na mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 68. Wachezaji waliokuwa na miaka minane au tisa kazini waliangalia jambo lile kwa uchungu, na wamiliki wakaona mlango umefunguka. Mwaka uliofuata likaingia jedwali la mishahara ya wachezaji wapya: kila nafasi ya raundi ya kwanza ina namba yake, na timu inaruhusiwa kulipa kati ya asilimia 80 na 120 ya namba hiyo. Enzi ya Thabeet mkataba ulikuwa wa miaka miwili yenye uhakika, kisha miwili ambayo timu huchagua kuendelea au kuacha. Wakala hana pa kushika zaidi ya kuomba ile 120.

Tazama nani aliumia hapo. Kijana anayekuja hajawa mwanachama wa chama cha wachezaji, hivyo hapigi kura. Chama kinatetea wanachama wake wa leo, wamiliki wanataka kupunguza gharama, na anayelipa tofauti yuko darasani chuoni. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayetaka kazi hii ya ukamishna anapaswa kulielewa: mapatano mepesi kuliko yote ni yale yanayomtoza asiyekuwepo chumbani. Stern alilijua hilo, na kwa maoni yangu alilitumia kuliko ilivyostahili.

Kiini cha kazi yake yote, hata hivyo, ni ukomo wa mishahara, na huo aliujenga kabla hajawa kamishna. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ligi ilikuwa inayumba. Mchezo wa sita wa fainali ya 1980, ule ambao Magic Johnson alicheza nafasi ya senta, sehemu kubwa ya Marekani iliuona usiku wa manane kwa kanda, saa kadhaa baada ya kuchezwa. Timu kadhaa zilikuwa zinakaribia kufilisika. Wachezaji walitangaza kugoma tarehe 2 Aprili 1983. Siku hiyo ilichaguliwa kwa akili: msimu unakaribia kwisha, wachezaji wameshalipwa sehemu kubwa ya mishahara yao, na wamiliki wanakaribia kuvuna mtoano. Mgomo huuma hapo. Stern upande wa ligi, Larry Fleisher na Bob Lanier upande wa chama, wakafikia makubaliano tarehe 31 Machi.

Makubaliano yenyewe yalikuwa hivi. Wachezaji wanahakikishiwa asilimia 53 ya mapato ghafi ya ligi. Kwa kurudisha, kila timu inawekewa kiwango cha juu cha jumla ya mishahara. Kupata kiwango hicho unachukua makadirio ya mapato, unazidisha kwa fungu la wachezaji, unatoa gharama za pensheni na bima zao, kisha unagawa kwa idadi ya timu. Tuchukue namba za mfano: mapato dola milioni 200, asilimia 53 ni milioni 106, toa milioni 14 za pensheni na bima, zinabaki 92, gawa kwa timu 23, kila moja inapata milioni 4. Kiwango halisi cha kwanza, msimu wa 1984–85, kilikuwa dola milioni 3.6. Msimu wa mwisho wa Stern, 2013–14, kilikuwa takriban milioni 58.7.

Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la saba. Ugomvi wote uko kwenye neno "mapato". Tiketi, sawa. Haki za televisheni, sawa. Maegesho ya magari je? Vyumba vya kifahari ukumbini, ambavyo mwenye ukumbi anavikodisha na si timu? Mmiliki mwenye timu na kituo cha televisheni anaweza kujiuzia mwenyewe haki za matangazo kwa bei ya kutupa; faida ikahamia mfuko wa pili, na fungu la wachezaji likapungua bila mtu kuiba senti. Ndiyo maana mikataba ya baadaye inatumia kurasa nyingi kueleza nini kinahesabika, kwa kiasi gani, na biashara kati ya kampuni za mmiliki mmoja ikadiriwe kwa bei ya soko. Mtu akikuambia amesoma mkataba wa pamoja wa ligi fulani, muulize kwanza sehemu hiyo.

Ukomo wenyewe uliachiwa tundu kwa makusudi. Timu iliruhusiwa kuupita ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe, kanuni iliyopachikwa jina la Larry Bird, nyota wa Boston. Baadaye ikawekwa sharti: ili timu ipate haki hiyo kamili, mchezaji awe amemaliza misimu mitatu bila kuachwa wala kuhamia kwingine akiwa huru. Pale ndipo Minnesota walipojikwaa. Walimsajili Joe Smith kwa dola milioni 1.75 msimu wa 1998–99, kiasi kidogo mno kwa mchezaji aliyekuwa chaguo la kwanza la drafti ya 1995. Mpango ulikuwa acheze mikataba mitatu ya mwaka mmoja mmoja kwa fedha kiduchu, haki ya Bird ikomae, kisha alipwe donge nono la mamilioni kwa mamilioni bila ukomo kuwazuia. Ahadi ya siri kama hiyo ni marufuku kabisa, maana inabatilisha hesabu yote. Kosa la kushangaza ni kwamba waliiandika na kuitia sahihi. Mawakala walipogombana na kufikishana mahakamani, karatasi ikatoka kwenye jalada.

Oktoba 2000 Stern akatoa adhabu: faini ya dola milioni 3.5, mkataba umefutwa, na machaguo matano ya raundi ya kwanza yamepotea. Baadaye ligi ilirudisha mawili. Wapo waliosema ni ukatili. Nadhani alikuwa sahihi. Faini peke yake bilionea anaihesabu kama gharama ya biashara, lakini chaguo la drafti halinunuliki dukani; likipotea, timu inalikosa kwa miaka. Kamishna anayetaka kanuni iheshimiwe anatafuta kitu ambacho fedha hazirudishi.

Baada ya 1983 wamiliki ndio waliofunga milango, yaani kuwazuia wachezaji kazini mpaka mkataba mpya upatikane, si wachezaji waliogoma, na kalenda inaeleza kwa nini. Milango ikifungwa tarehe 1 Julai hakuna michezo ya kupoteza. Wachezaji huanza kukosa mshahara katikati ya Novemba, na hapo ndipo simu za viongozi wa chama huanza kuita usiku. Stern alifanya hivyo mara nne: 1995, saa chache mwaka 1996, 1998 na 2011. Ule wa 1998 ulimalizika tarehe 6 Januari 1999, msimu ukakatwa hadi michezo 50. Chanzo kilijulikana: mwaka 1997 Kevin Garnett, akiwa na miaka 21, alisaini dola milioni 126 kwa miaka sita. Mkataba mpya ukaleta kikomo cha mchezaji mmoja mmoja, asilimia 25, 30 au 35 ya ukomo kulingana na miaka yake kazini, pamoja na amana ya asilimia 10: mchezaji wa dola milioni 5 anashikiliwa laki 5, na mwisho wa msimu, ikiwa mishahara yote imevuka fungu lililokubaliwa, zile laki haziji. Mwaka 2011 fungu la wachezaji likashushwa kutoka asilimia 57 hadi karibu nusu kwa nusu, msimu ukaanza sikukuu ya Krismasi na michezo 66.

Fedha za televisheni nitazipitia haraka, kwa kuwa huo ndio upande wa Stern unaosimuliwa kila mahali. CBS walilipa dola milioni 173 kwa misimu minne kuanzia 1986; NBC wakaja na milioni 600 kwa misimu minne kuanzia 1990. Nje ya Marekani alianza na kanda: mwishoni mwa miaka ya 1980 aliwapa televisheni ya taifa ya China michezo kwa makubaliano ya kugawana mapato ya matangazo, ambayo wakati huo yalikuwa karibu na sifuri. Kikosi cha Marekani kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kilikuta mashabiki wameshaandaliwa.

Makosa yake yanafundisha kuliko mafanikio. Chukua mpira wa 2006. Ligi iliacha ngozi ikaleta mpira wa nyuzi bandia, kila mmoja sawasawa na mwenzake, usiohitaji kuzoeshwa kwa wiki kadhaa. Kwenye maabara ulionekana bora. Mikononi mwa wachezaji, ukikauka ulichana ngozi za vidole, ukilowa jasho uliteleza, kwa sababu nyuzi zile hazinywi maji kama ngozi. Hawakuulizwa ipasavyo kabla. Chama kikawasilisha malalamiko ya kazi, na ngozi ikarudi tarehe 1 Januari 2007, katikati ya msimu. Stern alikiri hadharani kwamba walipaswa kuwashirikisha wachezaji zaidi.

Mwaka huohuo wa 2007 likafumuka la mwamuzi Tim Donaghy, aliyekuwa akibeti na kuuza siri; alifungwa miezi 15. Marekebisho moja ni mazuri kwa urahisi wake. Awali majina ya waamuzi wa mchezo yalifichwa mpaka karibu na mchezo kuanza, na siri hiyo ikawa bidhaa kwa wacheza kamari. Ligi ikaanza kuyatangaza asubuhi ya siku ya mchezo. Kinachojulikana na wote hakina mnunuzi.

Lakini lililonisikitisha zaidi ni la New Orleans. Desemba 2010 ligi iliinunua timu ya Hornets kwa takriban dola milioni 300, kwa sababu mmiliki alishindwa na hapakuwa na mnunuzi wa ndani. Ikawa timu moja inamilikiwa na wapinzani wake 29. Tarehe 8 Desemba 2011, siku ileile mkataba mpya ulipoidhinishwa, Hornets walikubaliana na Lakers na Houston: Chris Paul aende Lakers, Pau Gasol Houston, na wao wapokee Lamar Odom, Luis Scola, Kevin Martin, Goran Dragić na chaguo la drafti. Stern akakataa. Alisema amekataa kama mwakilishi wa mwenye timu, si kama kamishna. Kisheria tofauti hiyo ipo. Ila mkono ni mmoja na kalamu ni moja, na wamiliki wengine walikuwa wameshalalamika kwamba Lakers wananufaika. Siku sita baadaye Paul akaenda Clippers. Miezi michache mbele Hornets, wakiwa wameuzwa kwa dola milioni 338, wakashinda bahati nasibu na kumpata Anthony Davis, na maneno ya bahasha baridi ya 1985 yakafufuka yote. Suluhisho lilikuwapo tangu siku ya kwanza: meneja huru mwenye mamlaka ya mwisho, kwa maandishi, na kamishna asiyegusa.

Kwetu, mkono wa Stern ulifika mwaka 2003 kwa kambi ya vijana Johannesburg, kisha ofisi ya NBA mjini humo mwaka 2010. Kutoka hapo ikazaliwa Ligi ya Kikapu ya Afrika, ubia wa NBA na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, chini ya Amadou Gallo Fall, iliyoanza Kigali Mei 2021 na timu 12. Nairobi City Thunder wakawa wa kwanza kutoka Kenya, mwaka 2025. Ligi hiyo changa imeshaonja ladha ya kazi yenyewe. Machi 2024 jijini Pretoria, Dynamo ya Burundi iligoma kuvaa jezi yenye tangazo la utalii wa Rwanda, wakati nchi hizo mbili hazielewani. Mchezo wa kwanza walicheza wakiwa wameziba maandishi, wakashinda. Michezo miwili iliyofuata walipokonywa kwa kutofika uwanjani, wakaondoka mashindanoni. Mdhamini amelipia jezi za timu zote, si zote kasoro moja. Timu nayo iko chini ya serikali yake. Uwanjani mambo kama hayo hayamalizwi. Humalizwa miezi sita kabla, kwa kumsomea kila mshiriki kifungu cha jezi na kuuliza moja kwa moja kama kuna anayekatazwa nyumbani kuivaa.

Anayeitamani kazi hii asome sheria ya kazi, sheria ya ushindani wa biashara na uhasibu, kisha akae na mikataba ya zamani mpaka ajue kila kifungu kilizaliwa na ugomvi gani. Kwa mfano huu: mwaka 1976 timu nne za ligi pinzani ya ABA ziliingia NBA, kila moja kwa dola milioni 3.2. Stern alikuwa bado wakili wa nje. Ndugu wawili, akina Silna, waliokuwa na timu ya St. Louis, waliachwa nje, na wakakubali fidia ya dola milioni 2.2 pamoja na moja ya saba ya fungu la televisheni la kila timu kati ya zile nne, kwa muda wote ligi itakapodumu. Televisheni wakati ule haikuwa na thamani ya kumkosesha mtu usingizi. Kifungu hicho kiliwalipa takriban dola milioni 300 bila wao kuwa na timu, mchezaji wala ukumbi. Ligi ilipata makubaliano ya kukipunguza Januari 2014, kwa malipo ya mkupuo ya dola milioni 500, wiki chache kabla Stern hajakabidhi ofisi kwa Adam Silver.